Fowadi, Fyucha, Opsheni au Swopu: Ulinganisho wa Mikataba Minne ya Derivativu kwa Anayetaka Kujikinga na Mabadiliko ya Bei

Mikataba ya derivativu ni mikataba ambayo thamani yake hutegemea bei ya kitu kingine, kama vile ngano, mafuta ghafi, fedha za kigeni, hisa au kiwango cha riba. Mwenye mkataba wa ngano huenda asiione hata punje moja ya ngano hiyo, lakini bei yake ikipanda au ikishuka, yeye hupata au hupoteza. Watu huingia katika mikataba hii kwa sababu mbili zilizo mbali sana: wapo wanaotaka kupunguza hatari ambayo tayari wanayo katika shughuli zao, na wapo wanaojitwika hatari mpya kwa matumaini ya faida. Ulinganisho huu umeandikwa hasa kwa ajili ya kundi la kwanza, ingawa mwishoni nitasema machache kuhusu la pili.

Wengi wanaotaka kuchagua kati ya mikataba hii huanza kwa kuuliza ni upi wenye gharama ndogo, nami naona kwamba swali hilo huwapotosha. La kuuliza kwanza ni mzigo gani utaweza kuubeba katika kipindi chote kati ya siku ya kutia saini na siku mkataba unapomalizika. Mikataba miwili inaweza kukupa jibu lilelile la hesabu siku ya mwisho, lakini mmoja ukakuacha ulale usingizi miezi yote mitatu, na mwingine ukakudai fedha taslimu kila jioni hadi ukashindwa kabla ya kufika mwisho.

Ili kulinganisha kwa haki, nitatumia mfano mmoja kwa mikataba mitatu ya kwanza. Chukua mwenye kinu cha kusaga unga ambaye baada ya miezi mitatu atahitaji busheli 50,000 za ngano (busheli ni kipimo cha nafaka cha Marekani). Bei ya leo ni dola 6 kwa busheli, na anaogopa kwamba itapanda. Tuangalie hali mbili: bei ipande hadi dola 7.20, au ishuke hadi dola 5. Asipojikinga kwa namna yoyote, atalipa dola 360,000 katika hali ya kwanza na dola 250,000 katika hali ya pili.

Fowadi na fyucha: bei moja, njia mbili

Fowadi ni makubaliano ya faragha kati ya pande mbili ya kuuziana kitu fulani, kwa kiasi fulani, siku fulani ijayo, kwa bei inayokubaliwa leo. Mwenye kinu akikubaliana na muuzaji bei ya dola 6, atalipa dola 300,000 siku ya kupokea ngano, iwe bei ya soko imepanda au imeshuka. Kwa kawaida halipi chochote siku ya kutia saini, na hakuna anayemdai katikati. Kiasi, ubora, mahali pa kupokelea na tarehe vyote hupangwa kama pande hizo mbili zinavyotaka.

Udhaifu wa fowadi uko kwa mtu wa upande wa pili. Bei ikifika dola 7.20, muuzaji aliyeahidi kwa dola 6 huona kwamba angepata dola 60,000 zaidi kwa kumuuzia mtu mwingine, na hapo ndipo kishawishi cha kuivunja ahadi kinapokuwa kikubwa kuliko wakati wowote. Kwa hiyo hatari ya kuvunjiwa mkataba hukua kwa kadiri ileile ambayo kinga inazidi kuhitajika. Anayechagua fowadi anapaswa kumchunguza mwenzake kwa uangalifu kama benki inavyomchunguza mkopaji, kwa sababu kwa hakika anamwamini kwa mkopo.

Fyucha ilizaliwa kutokana na tatizo hilo. Soko la Chicago Board of Trade lilianzishwa mwaka 1848, na wafanyabiashara wa nafaka walikuwa wakitumia makubaliano ya aina ya fowadi ambayo mengine hayakutimizwa. Mwaka 1865 soko hilo liliweka kanuni za mikataba yenye masharti ya aina moja na kuzitaka pande zote ziweke amana. Hadi leo fyucha ya ngano ya Chicago ni ya busheli 5,000, wala huwezi kuomba 4,300. Kati ya mnunuzi na muuzaji husimama taasisi ya ulipanaji, ambayo huwa muuzaji kwa kila mnunuzi na mnunuzi kwa kila muuzaji, hivyo huna haja ya kumjua aliyeko upande wa pili wala kuchunguza kama ana uwezo.

Taasisi hiyo hujilinda kwa kudai amana mwanzoni na kwa kufanya hesabu ya faida na hasara kila siku ya biashara. Hapa inafaa tusogee karibu, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa. Tuseme mwenye kinu amenunua fyucha 10 kwa dola 6, akaweka amana ya dola 20,000, na ameambiwa kwamba salio lake lisishuke chini ya dola 18,000. Jumatatu bei inashuka kwa senti 10. Kwa busheli 50,000 hiyo ni hasara ya dola 5,000, salio linabaki dola 15,000, na wakala wake anampigia simu kumtaka arudishe salio kufikia dola 20,000. Jumanne inashuka senti 15, na anatakiwa kulipa dola 7,500 nyingine. Jumatano inapanda senti 5, naye anaingiziwa dola 2,500. Kwa siku tatu zimemtoka dola 10,000 kwa jumla, na akichelewa kulipa, wakala ana haki ya kuikatisha mikataba yake bila kumsubiri.

Sasa tazama mwisho wake. Bei ikiwa imepanda hadi dola 7.20, fyucha zake zimempa faida ya dola 60,000, ananunua ngano kwa wauzaji wake wa kawaida kwa dola 360,000, na gharama halisi ni dola 300,000. Bei ikiwa imeshuka hadi dola 5, fyucha zimemtia hasara ya dola 50,000, ananunua ngano kwa dola 250,000, na gharama ni dola 300,000 vilevile. Hesabu ya mwisho ni sawa kabisa na ya fowadi. Tofauti ni kwamba zile dola 50,000 alizilipa kidogo kidogo wiki nyingi kabla ya kuinunua ngano hiyo ya bei nafuu, kabla hata ya kuuza kilo moja ya unga wake.

Kampuni ya Kijerumani ya Metallgesellschaft iliipata shida hii kwa ukubwa wa kutisha mwaka 1993. Tawi lake la Marekani lilikuwa limewaahidi wateja mafuta kwa bei isiyobadilika kwa miaka mingi ijayo, mengine hadi miaka 10, na likajikinga kwa mikataba ya muda mfupi iliyokuwa ikihuishwa kila mara. Bei ya mafuta iliposhuka, faida ya ahadi zile za muda mrefu ilikuwa bado iko mbali, ilhali hasara ya fyucha ilidaiwa papo hapo. Mikataba ilikatishwa na hasara ikafika takriban dola bilioni 1.3. Wataalamu wameendelea kubishana kama mpango wenyewe ulikuwa na kasoro au la, lakini hakuna anayebisha kwamba fedha taslimu zilikauka kabla ya ahadi kukomaa.

Kwa hiyo fowadi humfaa mwenye kiasi na tarehe visivyolingana na vipimo vya soko, na ambaye upande wa pili ni benki au mfanyabiashara anayeweza kuaminika. Fyucha humfaa mwenye akiba ya fedha au mkopo wa dharura uliokwisha kuidhinishwa, na anayetaka uhuru wa kutoka mapema, kwa sababu fyucha huuzwa sokoni siku yoyote ya biashara, ilhali fowadi haivunjwi bila ridhaa ya mwenzako. Mwenye mahitaji madogo naye hakusahauliwa sana: Chicago ina pia mikataba ya ngano iliyo midogo kuliko ule wa busheli 5,000.

Mambo mawili kuhusu fyucha yasisahaulike. La kwanza ni kwamba bei ya soko lako si lazima iende sambamba na bei ya mkataba. Gharama za usafirishaji, ubora na msimu vinaweza kuzitenganisha, na hapo kinga inabaki na pengo. La pili ni siku ya mwisho. Tarehe 20 Aprili 2020, fyucha ya mafuta ghafi ya Marekani ya mwezi Mei ilifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, kwa sababu walioishika walikaribia siku ya kupokea mapipa halisi huko Cushing, Oklahoma, wakati nafasi ya kuyahifadhi ilikuwa karibu kuisha. Asiye na pa kuyaweka mafuta hapaswi kuikaribia siku hiyo akiwa bado ameshika mkataba.

Opsheni: haki bila wajibu, kwa malipo

Fowadi na fyucha humfunga kila mmoja. Opsheni humfunga mmoja tu. Anayeinunua hupata haki, lakini si wajibu, ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa, na kwa haki hiyo hulipa premiamu ambayo hairudi. Ipo opsheni ya kununua, kwa anayeogopa bei kupanda, na opsheni ya kuuza, kwa anayeogopa bei kushuka. Baadhi huweza kutumiwa siku yoyote kabla ya kuisha, na nyingine siku ya mwisho pekee.

Mwenye kinu wetu akinunua haki ya kununua kwa dola 6, kwa premiamu ya senti 30 kwa busheli, atalipa dola 15,000 leo. Bei ikifika dola 7.20, ataitumia haki yake, na gharama yote itakuwa dola 315,000, yaani dola 15,000 zaidi ya mwenye fowadi. Bei ikishuka hadi dola 5, ataiacha haki hiyo iishe, atanunua ngano sokoni, na gharama yote itakuwa dola 265,000, yaani dola 35,000 chini ya mwenye fowadi. Zaidi ya yote, hakuna atakayempigia simu Jumatatu wala Jumanne kumdai nyongeza. Hasara yake kubwa kabisa katika mkataba huo aliijua siku aliyolipa.

Serikali ya Mexico, ambayo bajeti yake ilitegemea sana mapato ya mafuta, ni mfano mashuhuri wa matumizi haya. Kwa ajili ya mwaka 2009 ilinunua opsheni za kuuza mafuta yake kwa dola 70 kwa pipa, kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.5. Bei ilianguka kufuatia msukosuko wa fedha duniani, nayo ikapokea takriban dola bilioni 5. Lau bei ingepanda, Mexico ingepoteza premiamu tu na kuuza mafuta yake kwa bei nzuri ya soko, jambo ambalo fowadi isingeliruhusu.

Thamani kubwa ya opsheni, kwa maoni yangu, huonekana pale ambapo hitaji lenyewe halina uhakika. Fikiria kampuni iliyoomba zabuni ambayo, ikishinda, italipwa euro milioni 1 baada ya miezi sita. Ikifunga fowadi ya kuuza euro hizo kisha ikakosa zabuni, inabaki na wajibu wa kutoa euro ambazo haina, na italazimika kuzinunua kwa bei yoyote itakayokuwepo. Kinga imegeuka kuwa hatari mpya. Ikinunua opsheni ya kuuza euro, kukosa zabuni kutaigharimu premiamu na si zaidi. Katika hali kama hiyo sioni sababu ya kusitasita: opsheni ndiyo chaguo, hata ikionekana ghali.

Ughali wenyewe una sababu zake. Premiamu hupanda kadiri muda uliobaki unavyokuwa mrefu na kadiri bei ya kitu cha msingi, yaani kile ambacho mkataba unakitegemea, inavyoyumba. Mwaka 1973, mwaka uleule ambao soko la Chicago Board Options Exchange lilifunguliwa, Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya hesabu inayounganisha mambo hayo, na hadi leo wauzaji wa opsheni huitumia pamoja na marekebisho yake. Matokeo kwa mnunuzi ni kwamba kinga huwa ghali zaidi pale hofu inapokuwa imetanda, hivyo anayeijua hatari yake mapema afadhali ainunue soko likiwa tulivu.

Yote haya yanahusu kununua opsheni. Kuuza opsheni ni jambo jingine kabisa, na naomba msomaji asilichanganye. Muuzaji hupokea premiamu mwanzoni, kisha hubaki na wajibu ambao hasara yake inaweza kupita mara nyingi kile alichopokea. Benki ya Uingereza ya Barings, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka Februari 1995 baada ya mfanyakazi wake wa Singapore, Nick Leeson, kurundika fyucha za fahirisi ya hisa za Japani na kuuza opsheni zilizohitaji soko litulie. Tetemeko la Kobe la Januari 17 mwaka huo liliyumbisha soko, na hasara iliyofichuka ilifika pauni milioni 827. Ukiona mpango wa kinga unaotangazwa kuwa hauna gharama yoyote, angalia kama ndani yake hujauza opsheni ili kulipia ile uliyonunua. Mipango hiyo ipo, ni halali, na mara nyingine inafaa, lakini wajibu uliouza ni wa kweli.

Swopu: kwa malipo yanayojirudia

Mikataba mitatu iliyotangulia hulenga siku moja. Swopu ni makubaliano ya kubadilishana mfululizo wa malipo kwa muda mrefu, mara nyingi miaka kadhaa, na ndiyo inayofaa pale hatari inapojirudia kila robo mwaka au kila mwaka. Mwaka 1981 IBM na Benki ya Dunia walifanya swopu iliyopata umaarufu mkubwa: IBM ilikuwa na madeni ya faranga za Uswisi na maki za Ujerumani, Benki ya Dunia ikakopa dola, kisha kila mmoja akabeba malipo ya mwenzake.

Inayotumika zaidi ni swopu ya riba. Chukua kampuni yenye mkopo wa dola milioni 10, ambao riba yake ni ile ya marejeo ya soko, yaani kiwango cha pamoja kinachopanda na kushuka, pamoja na asilimia 2. Inaingia kwenye swopu ya kulipa asilimia 4 isiyobadilika na kupokea riba ya marejeo. Riba hiyo ikifika asilimia 5.5, kampuni inalipa dola 750,000 kwa aliyeikopesha lakini inapokea tofauti ya dola 150,000 kutoka kwenye swopu, hivyo inabaki dola 600,000 kwa mwaka. Ikishuka hadi asilimia 3, inalipa dola 500,000 kwa mkopo na dola 100,000 kwa swopu, jumla ni ileile. Zile dola milioni 10 za swopu hazihamishwi kamwe. Hutumika kukokotoa malipo tu.

Kazi hiyo ingewezekana pia kwa kufunga fowadi nyingi za riba moja baada ya nyingine, lakini swopu hukusanya zote katika mkataba mmoja wenye bei moja. Inachokosa ni wepesi wa kutoka. Kampuni ikilipa mkopo wake mapema, swopu haifi pamoja na mkopo; inaendelea kudai malipo, na kuivunja hugharimu thamani yake ya siku hiyo. Riba zikiwa zimeshuka sana, gharama hiyo huwa kubwa. Kwa hiyo anayetarajia kuuza mali au kubadilisha mkopo kabla ya muda anapaswa kuchukua swopu fupi kuliko mkopo, au anunue opsheni inayoweka dari ya riba badala ya kujifunga kabisa.

Kama ilivyo fowadi, swopu kwa asili yake hutegemea uaminifu wa upande wa pili. Baada ya msukosuko wa 2008, ambapo benki ya Lehman Brothers ilianguka na kampuni ya bima ya AIG ikaokolewa na serikali ya Marekani kutokana na mikataba iliyokingia madeni ya wengine, viongozi wa G20, kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa, walikubaliana huko Pittsburgh mwaka 2009 kwamba mikataba ya aina moja inayofungwa nje ya masoko ipitishwe kwenye taasisi za ulipanaji. Usalama uliongezeka, na pamoja nao yakaja madai ya amana ambayo hapo awali yalikuwa sifa ya fyucha. Kampuni inayotumia swopu kwa kujikinga tu mara nyingi husamehewa sharti hilo, lakini ni vyema iulize kabla ya kusaini.

Kwa asiye na hatari ya kujikinga nayo

Mtu binafsi hukutana zaidi na mikataba ya tofauti ya bei inayouzwa kupitia programu za simu, ambayo ni derivativu pia: mteja hulipwa au hulipa tofauti ya bei bila kununua kitu chenyewe. Huruhusu kushika thamani kubwa kwa amana ndogo, hivyo badiliko dogo la bei hufuta amana yote. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ikitaja uchunguzi wa mamlaka za nchi wanachama, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo hupoteza fedha, na mwaka 2018 ikaweka kikomo cha thamani inayoweza kushikwa kuwa kati ya mara 2 na mara 30 ya amana, kulingana na kitu cha msingi. Asiye na ngano ya kununua, mkopo wa kulipa wala fedha za kigeni anazozitarajia hana kinachokingwa na mkataba kama huo, na ulinganisho wa hapo juu haumpi sababu ya kuuchagua.

Aliye na hatari ya kweli, na ambaye bado anasita kati ya mikataba miwili, amwombe kila muuzaji ampe kwa maandishi hesabu tatu: kiasi atakacholipa siku ya kusaini, kiasi atakachodaiwa mwezi ujao bei ikienda kinyume chake kwa asilimia 20, na gharama ya kuuvunja mkataba siku hiyo hiyo. Kisha azilinganishe na fedha zilizopo kwenye akaunti yake, si na zile anazotarajia.